Mgonjwa Akisoma, Kosa Liko Wapi?

Lawama ikikosa mtu wa kumtwika, siku hizi anatwikwa mgonjwa aliyesoma. Madaktari humlalamikia wakiwa semina, wauguzi humcheka kwenye korido, na hata jamaa zake humwonya kabla hajatoka nyumbani: ukifika kwa daktari usianze mambo ya simu, nyamaza utibiwe. Kuanzia Kitale hadi Bungoma, na kwingi nchini, mgonjwa mwema anahesabiwa kuwa yule anayejibu alichoulizwa, akapokea karatasi ya dawa, akarudi tarehe aliyoandikiwa. Anayekuja na maswali anaonekana amekuja na ubishi. Wahenga nao huitwa kutoa ushahidi: mgonjwa haulizwi uji.

Naipinga fikra hiyo, na nitaipinga kwa ugonjwa mmoja tu, kwa sababu ndio unaoiumbua kuliko mengine: kuharibika kwa neva za miguu na mikono. Katika ugonjwa huu, anachokitafuta mgonjwa mwenyewe ni sehemu ya uchunguzi. Kumkataza asisome hakumwongezei daktari mamlaka, kunampunguzia habari. Na mgonjwa aliyefungiwa mlango wa kuuliza hospitalini hakai bila jibu. Analipata stendi, kwa muuza miti shamba mwenye kipaza sauti, ambaye hana haraka na hachoki kueleza.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Wanaougua hawautaji kwa jina la vitabuni. Husema miguu inawaka moto. Husema vidole vimekufa ganzi, nyayo zinachomwa sindano, na shuka ikigusa kidole usiku usingizi umekwisha. Wapo wanaolala miguu ikiwa nje ya blanketi katika baridi ya Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kisha huja jambo la hatari zaidi: moto unapungua wenyewe. Mgonjwa anamshukuru Mungu kwamba amepona, kumbe neva zimekufa kiasi cha kutoweza kulalamika tena. Tangu hapo mwiba wa shambani, kokoto ndani ya gambuti au kaa la jiko halimshtui. Kidonda kinaanza bila maumivu, kinaoza bila maumivu, na safari ya kukatwa mguu imeanza bila mwenye mguu kujua.

Sababu kubwa kuliko zote ni ugonjwa wa sukari. Takriban nusu ya wanaouishi nao hupatwa na uharibifu wa neva kadiri miaka inavyokwenda. Lakini sukari haiko peke yake. Kuna VVU vyenyewe, na kuna baadhi ya dawa za zamani za VVU. Kuna upungufu wa vitamini B12. Kuna pombe ya miaka mingi, iwe ya chupa au chang'aa. Kuna maradhi ya figo na ya tezi ya shingo. Kuna ukoma, ambao wengi wanadhani ulikwisha, ilhali kituo cha Alupe kule Busia kimejulikana kwa kazi ya ukoma kwa miongo mingi. Kuna sumu za shambani, na kuna dawa za kawaida kabisa zinazouzwa katika kila duka la dawa kati ya Endebess na Kanduyi.

Orodha ni ndefu, na vipimo havitoshi kuipunguza. Kipimo cha kupitisha umeme kwenye neva hakipatikani katika kila hospitali ya kaunti. Hata kikipatikana, kinasoma neva nene tu. Zile nyembamba, zinazobeba habari ya joto na maumivu, zinaweza kuwa zinaungua huku ripoti ikisema kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo mgonjwa anayeambiwa "vipimo havioneshi kitu" hajaambiwa kwamba hana kitu. Ameambiwa kwamba mashine imefika mwisho wa uwezo wake. Kinachobaki ni historia: lini ilianza, wapi, baada ya nini, kwa dawa zipi, kwa chakula na kazi gani. Na historia hiyo haiko maabara. Anayo mgonjwa.

Hapo ndipo wapinzani wangu wanaponijibu kwa haraka: historia ni kazi ya daktari kuuliza, si ya mgonjwa kusoma. Jibu hilo linasikika vizuri mpaka ulitazame likifanya kazi. Chukua mama wa Chwele ambaye mwaka jana alitibiwa taifodi mara mbili tatu. Kila mara alinunua antibiotiki ya sipro dukani, mara nyingine bila karatasi ya daktari. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lililo wazi zaidi kwa jamii nzima ya dawa za aina ya sipro: zinaweza kuharibu neva, madhara yanaweza kuanza upesi, na huenda yasiondoke. Metronidazoli, ambayo wengi wanaiita Flagyl, nayo huweza kudhuru neva ikitumika kwa muda mrefu. Sasa mama huyu anaingia kliniki akilalamikia nyayo. Kwa nini aitaje taifodi? Kwake tumbo ni tumbo na mguu ni mguu. Daftari lake la kliniki halina dawa alizonunua dukani, na daktari mwenye foleni mpaka mlangoni hatakumbuka kuuliza juu ya kila kidonge cha miezi 12 iliyopita. Lakini kama mama huyu, au binti yake mwenye simu, amesoma kwamba sipro na neva zina uhusiano, atataja. Kusoma ndiko kunakomfundisha kitu gani kinastahili kusemwa.

Mfano wa pili. Isoniazidi imetibu kifua kikuu tangu 1952, na sasa hutumika pia kumkinga mtu anayeishi na VVU asiupate ugonjwa huo. Dawa hiyo humnyang'anya mtumiaji vitamini B6, na neva huumia. Ndiyo maana hupewa pamoja na piridoksini. Mgonjwa aliyeelezwa sababu hatakiacha kile kidonge kidogo cha pili. Asiyeelezwa atakiona cha ziada, na cha ziada ndicho cha kwanza kusahaulika. Mfano wa tatu ni metformini, dawa ya sukari inayotumika kuliko zote. Ikitumika kwa miaka hushusha vitamini B12. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kwamba jambo hilo ni la kawaida na kwamba mwenye dalili apimwe. Hapo mgonjwa wa sukari mwenye ganzi anaweza kuwa na sababu mbili kwa pamoja, na moja kati ya hizo inatibika kwa vitamini. Akiuliza "daktari, B12 yangu ikoje?" amefanya kosa gani?

Mfano wa nne ni wa mashambani. Baadhi ya sumu za wadudu za jamii ya oganofosfeti, zikimwingia mtu kwa wingi, huharibu neva wiki moja hadi tatu baadaye, wakati kichefuchefu na kutapika vimeshasahaulika. Jambo hilo lilijulikana kwa uchungu tangu 1930, pale maelfu ya Wamarekani walipopooza miguu baada ya kunywa dawa ya tangawizi iliyochanganywa na kemikali ya jamii hiyo. Mkulima wa Trans Nzoia aliyelewa sumu wakati wa kunyunyizia mahindi hawezi kuunganisha siku ile na ganzi ya leo, isipokuwa kama kuna mtu amemwambia au amejisomea.

Nisieleweke vibaya kuhusu daktari. Sibishani naye kwamba anaujua ugonjwa kuliko mgonjwa. Anaujua. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari anaujua ugonjwa wa watu wengi. Mgonjwa anaujua ugonjwa wa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye anayetibiwa. Wala simlaumu kwa kukosa muda. Mwaka 2017 jarida la BMJ Open lilichapisha uchambuzi wa nchi 67: muda wa kuonana na daktari wa kawaida ulianzia sekunde 48 nchini Bangladesh hadi zaidi ya dakika 22 nchini Sweden, na katika nchi zenye karibu nusu ya watu wote duniani haukuzidi dakika 5. Hapa Kenya, mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na ajira na masharti ya kazi yalikuwa miongoni mwa madai yao. Haya yote ni kweli. Ila tazama yanaelekea upande gani wa hoja. Kama daktari ana dakika 5, nani anamfaa zaidi: mgonjwa anayeanza kujiuliza pale pale ganzi ilianza lini, au yule aliyekuja na nusu ukurasa umeandikwa tarehe, dawa na maswali mawili? Uhaba wa muda ni sababu ya kumtaka mgonjwa asome.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na sitalikwepa: simu imejaa uongo. Ni kweli, na katika ugonjwa huu uongo unaumiza. Mwenye ganzi husoma kwamba vitamini B hujenga neva, akanunua vidonge vya mchanganyiko na kuvimeza kwa mkupuo mwezi baada ya mwezi. Tangu 1983 madaktari wa Marekani walikwisha kuripoti kwamba B6 ikizidi sana yenyewe huharibu neva, kwa hiyo mtu anaweza kuulisha ugonjwa anaoutibu. Mwingine husoma kwamba maji ya moto yanafungua mishipa, akatumbukiza miguu isiyohisi na kuitoa imebabuka. Mwingine huacha metformini kabisa kwa kuogopa B12, sukari ikapanda, neva zikafa haraka zaidi. Na yupo ambaye udhaifu umepanda kutoka nyayoni hadi mapajani kwa siku chache, naye bado anasoma, ilhali hiyo ni dharura ya kumkimbiza hospitali siku hiyo hiyo kabla udhaifu haujafika kwenye kupumua.

Lakini hebu tuwaulize walioumia: walimwambia nani walichokisoma? Hawakumwambia daktari, kwa kuwa walishaonywa kwamba daktari hapendi. Karipio halijawahi kumzuia mtu kusoma. Linamzuia kusimulia alichosoma, na hapo ndipo uongo unapokomaa bila mtu wa kuukosoa. Anayetaka kumlinda mgonjwa na uongo wa mtandao ana njia moja: amfanye aulete mezani. Sentensi ya "umesoma nini kuhusu tatizo hili?" haimalizi dakika, na inaweza kuokoa mguu.

Tena upotoshaji mwingine unazaliwa na kimya cha kliniki yenyewe. Dawa ya bei nafuu inayotumika sana kutuliza moto wa neva ni amitriptilini. Ilitengenezwa kwa ajili ya sonona, ikaonekana baadaye kwamba kwa kipimo kidogo hutuliza pia maumivu ya neva. Mgonjwa anaandikiwa bila neno, anafika nyumbani, anasomewa karatasi ya ndani ya boksi na kijana wake, na neno la kwanza analolisikia ni ugonjwa wa akili. Anahitimisha kwamba daktari hakuamini kilio chake, amemwona mwendawazimu. Anaitupa. Mwezi ujao daktari anaandika kwamba mgonjwa hafuati maagizo. Nani alimpotosha? Karatasi ile haikudanganya. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Dawa hii ina kazi mbili, wewe nakupa kwa kazi ya pili, na itakuletea usingizi."

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini, na ndilo linaloniudhi: wagonjwa wetu hawana elimu ya mambo hayo. Mkulima wa Kiminini, mama mboga wa Webuye, ataelewa nini kuhusu neva? Anayesema hivyo hajavuka ua wa hospitali yake mwenyewe. Upande wa pili wa ua huo kuna kliniki ya VVU. Tangu 2001, mpango wa AMPATH ulipoanza Eldoret na kusambaa hadi vituo vya magharibi mwa Kenya, wakulima hao hao na mama mboga hao hao wamefundishwa majina ya dawa zao, saa za kuzimeza, madhara ya kutarajia, na maana ya kiwango cha virusi. Muulize mmoja wao kiwango chake na atakutajia, pamoja na tarehe ya kupimwa tena. Hawakuzaliwa na elimu hiyo. Walielezwa, tena kwa Kiswahili na kwa Lubukusu, na wagonjwa wenzao wakawa walimu.

Na waliposhaelezwa, hawakuishia kuwa wasikilizaji. Wengi wao ndio waliobeba kwenye nyayo zao gharama ya stavudini, dawa iliyookoa maisha lakini ikawachoma neva, hadi Shirika la Afya Duniani liliposhauri mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Mwezi Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu alikubaliana na Wakenya watatu wanaoishi na VVU waliopinga vifungu vya Sheria ya Bidhaa Ghushi ya 2008, kwa kuwa vilihatarisha upatikanaji wa dawa za bei nafuu. Wagonjwa walisoma sheria na wakashinda serikali. Mwaka 2018 utafiti wa Botswana ulipoashiria kwamba huenda dawa ya VVU iitwayo dolutegraviri ikamdhuru mtoto aliye tumboni, nchi kadhaa zilikimbilia kuwanyima dawa hiyo wanawake wa umri wa kuzaa. Wanawake wa Kiafrika wanaoishi na VVU walikutana Kigali mwezi Julai mwaka huo, wakazipitia takwimu, wakatoka na tamko: tuelezeni hatari na faida, kisha mtuachie tuchague. Mwaka mmoja baadaye, takwimu zilipoongezeka na hatari kuonekana ndogo kuliko ilivyohofiwa, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza dawa hiyo kwa wote, wanawake wakiwamo. Huo ndio usomaji wa wagonjwa. Usiniambie hauwezekani kliniki ya sukari.

Pingamizi la mwisho ni la heshima: kumuuliza daktari ni kumkosea adabu. Lakini tazama mambo ya mbegu: Kitale ni makao makuu ya kampuni ya mbegu ya Kenya Seed. Mkulima wa hapa hanunui mbegu ya mahindi kabla hajauliza inakomaa kwa miezi mingapi, inafaa mwinuko gani, inataka mbolea ipi, na hakuna ofisa wa kilimo anayehisi ametukanwa. Kwa nini mtu huyo huyo aruhusiwe kuihoji mbegu itakayokaa shambani msimu mmoja, akatazwe kukihoji kidonge atakachokimeza hadi kufa?

Isitoshe, kueleza si hisani. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinamtaka mtoa huduma amjulishe mgonjwa hali ya afya yake, njia za uchunguzi na tiba zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, na haki yake ya kukataa. Na kufanya hivyo, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Mkataba wa haki za wagonjwa wa 2013 ulikwisha kuitambua haki ya kupata habari. Mgonjwa anayeuliza "neva zangu zimeharibiwa na nini?" anadai deni lililoandikwa. Na daktari asiyejua sababu hajakwama: "Sijui bado, nimeondoa sukari na B12, tutaangalia hiki na hiki" ni maelezo kamili. Uharibifu wa neva mara nyingi hukosa sababu hata baada ya uchunguzi mzuri. Mgonjwa anaweza kuishi vizuri zaidi na "sijui" iliyosemwa waziwazi kuliko na bega lililoinuliwa.

Basi tufanye nini? Mgonjwa aandike kabla ya kwenda: ganzi ilianza lini na kwenye vidole vipi, inapanda au imesimama, dawa zote alizotumia mwaka huu pamoja na za dukani, za mitishamba na za kifua kikuu, pombe bila kujipunguzia, na sumu za shambani. Kama hajawahi kupimwa sukari, aanze hapo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionesha kwamba karibu Wakenya 9 kati ya 10 walikuwa hawajawahi kupimwa. Asiache dawa wala asiongeze vitamini kabla ya kuuliza.

Na nyumbani kuna kipimo kisichohitaji umeme wala fedha, kilichotokana na madaktari wa Ipswich, Uingereza, na kuchapishwa 2011. Mgonjwa afumbe macho. Mtu wa nyumbani amguse kwa ncha ya kidole, kwa sekunde moja au mbili bila kubonyeza, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Migusano 6. Asipohisi miwili au zaidi, hisia zimepungua na aende kliniki miguu ikaangaliwe. Wataalamu wenyewe walikilinganisha kipimo hicho na vifaa vyao, wakakikubali kitumike na jamaa wa mgonjwa. Kipimo kama hicho kinafaa pia kuwa kazi ya wahudumu wa afya ya jamii, wale laki moja waliokabidhiwa mikoba yenye kipimo cha sukari mwaka 2023. Wanabisha hodi kila kijiji. Waguse vidole vya miguu wakiwa huko huko.

Upande wa hospitali, sidai miujiza. Nadai sentensi tatu kwa kila mwenye miguu inayowaka: kinachodhaniwa kuwa sababu, kazi ya dawa aliyopewa, na dalili za kumrudisha mbio. Nadai dawa za dukani ziulizwe na kuandikwa daftarini. Nadai mgonjwa aliyekuja na karatasi yake asomewe karatasi hiyo, akosolewe palipo na kosa, asifiwe palipo na haki. Anayetaka mgonjwa aache kutafuta kwenye simu amweleze yeye mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, kama sheria inavyomtaka. Akishamweleza, na mgonjwa bado akaendelea kusoma, hatakuwa amepata mshindani. Atakuwa amepata msaidizi asiyelipwa, anayelala na ugonjwa ule kila usiku na kuamka na habari mpya.